Viza Si Kibali cha Kazi: Mzigo wa Vibali Ubebwe na Anayemtuma Mtumishi wa Afya

Neno moja limebebeshwa maana zaidi ya uwezo wake. Katika nyumba za kupanga za kata ya Nkuhungu, jijini Dodoma, kama katika mitaa mingine wanakoishi wahitimu wa vyuo vya afya wanaosubiri ajira, neno hilo ni "viza". Kijana akisema amepata viza, wazazi huamini kwamba amepata kazi. Wadeni huamini kwamba mshahara umekaribia. Na majirani huanza kumhesabu kuwa miongoni mwa waliokwisha kuvuka bahari. Ukweli ni kwamba viza peke yake haimpi muuguzi mshahara, wala haimpi daktari ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Humfikisha msafiri mlangoni, basi. Yatakayomkuta ndani ya nyumba hutegemea nyaraka nyingine, na mara nyingi nyaraka hizo ndizo ambazo hakuna aliyemweleza.

Makosa haya ya maana si suala la lugha tu. Huzaa hasara ya fedha, huvunja ndoa na familia, humweka mtumishi katika hatari ya kukamatwa na kurejeshwa kwao, na humpokonya mgonjwa wa Dodoma mhudumu ambaye hata huko alikokwenda hakuruhusiwa kuhudumia. Kwa sababu hiyo, suala la viza na vibali vya kazi lina haki ya kujadiliwa katika jarida la afya, sawa na suala la chanjo au la dawa. Na hoja inayopaswa kusimamiwa ni moja: mzigo wa vibali, yaani gharama zake, ufuatiliaji wake na dhamana yake, ubebwe na yule anayemtuma au anayemwita mtumishi, usiachwe juu ya mabega ya mtumishi peke yake.

Kwanza ni vema kutenganisha mambo matatu yanayochanganywa. Viza ni idhini ya kuingia katika nchi kwa kusudi lililotajwa: kutembea, kutibiwa, kusoma, kufanya biashara au kufanya kazi. Aliyepewa viza ya matembezi akifanya kazi amevunja masharti ya viza yake, hata kama kazi hiyo ni ya kuokoa maisha. Kibali cha kazi, ambacho kwa kawaida huambatana na kibali cha ukaazi, ni ruhusa ya mgeni kuajiriwa, tena kwa mwajiri fulani, katika kazi fulani na kwa muda fulani. Leseni ya taaluma ni kitu cha tatu kabisa: ni tamko la baraza la madaktari au la wauguzi la nchi husika kwamba mtu huyu, kwa elimu aliyo nayo, anafaa kukabidhiwa uhai wa watu. Mamlaka tatu tofauti hutoa nyaraka hizo tatu, na hakuna inayofungwa na uamuzi wa mwenzake. Mtu anaweza kuwa na viza safi na kibali halali, lakini baraza la taaluma likamkataa.

Mtumishi wa afya wa Tanzania hahitaji kusafiri ili kuuona mpangilio huo, kwa kuwa nchi yake inautumia kwa wageni. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka 2015, ilimkabidhi Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa vibali vya kazi. Daktari bingwa kutoka nje anayetaka kufanya kazi katika hospitali ya Dodoma huhitaji kibali hicho, huhitaji kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji, na huhitaji kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi naye hupita katika Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, na huweza kuhuishwa. Jambo la kuzingatia zaidi ni hili: anayewajibika kumwombea mgeni kibali ni mwajiri. Tena mwajiri huyo hutakiwa kuwa na mpango wa kurithisha ujuzi, ili siku mgeni atakapoondoka awepo Mtanzania wa kushika nafasi yake. Sheria haikuona haki mgeni aje kwanza, kisha aanze kuhangaika ofisi kwa ofisi.

Kama kanuni hiyo ni ya haki kwa mgeni anayeingia, ni vigumu kueleza kwa nini isiwe ya haki kwa Mtanzania anayetoka.

Historia ya karibuni inatoa somo lisilosahaulika. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma, na mgomo wao ulidumu siku 100, hadi katikati ya Machi 2017. Siku chache baada ya mgomo kwisha, tarehe 18 Machi, Rais John Magufuli alipokea Ikulu, Dar es Salaam, ujumbe wa serikali ya Kenya, na ikakubaliwa kwamba Tanzania ingepeleka huko madaktari 500. Maombi yalitangazwa, na vijana waliokuwa wamehitimu bila ajira wakajitokeza kwa wingi. Lakini upande wa pili wa mpaka, madaktari wa Kenya walikwenda mahakamani wakidai kwamba wamo wenzao wasio na ajira, na mahakama ya kazi mjini Nairobi ikasimamisha mpango huo. Mwezi Aprili serikali ya Tanzania iliamua kuwaajiri hapa nchini madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya.

Wako wanaolikumbuka tukio hilo kama mkasa wa kisiasa tu. Kwa mtumishi wa afya lina maana pana zaidi. Mtanzania huingia Kenya bila viza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatambua hata haki ya wafanyakazi kuvuka mipaka ya nchi wanachama. Viongozi wa nchi mbili walikuwa wamekubaliana. Mwajiri alikuwa serikali yenyewe. Na bado safari haikufanyika, kwa sababu ahadi ya wakubwa si kibali, na mlango usio na viza si mlango usio na sheria. Ikiwa makubaliano yaliyofanywa Ikulu yaliweza kuzuiliwa na amri ya mahakama, ahadi ya wakala aliyepanga chumba kimoja cha ofisi ina uzito gani?

Somo la pili la mwaka 2017 halipaswi kupita kimya. Waliokuwa tayari kuondoka walikuwa ni madaktari ambao hospitali za Tanzania zenyewe ziliwahitaji. Fedha za kuwaajiri zilipopatikana, wengi walipata mahali pa kufanya kazi. Hivyo si sahihi kumwita msaliti kila anayetafuta kazi nje. Wapo ambao nchi iliwasomesha, kisha ikakosa bajeti ya kuwaajiri.

Mifano ya kupelekana watumishi kwa utaratibu ipo. China imekuwa ikileta timu za madaktari Tanzania Bara na Zanzibar tangu miaka ya 1960, timu moja ikimaliza muda wake na nyingine ikiipokea, kwa makubaliano ya serikali na serikali. Mwezi Juni 2018 Kenya ilipokea madaktari 100 kutoka Cuba kwa njia kama hiyo. Katika mifano yote miwili, daktari hakutakiwa kuuza shamba ili apate viza. Anayemtuma alijulikana, anayempokea alijulikana, na muda wa kurudi ulijulikana. Hata hivyo, mfano wa Kenya unaonya pia kwamba kibali hakimalizi kila kitu: mwezi Aprili 2019 madaktari wawili wa Cuba walitekwa nyara Mandera, karibu na mpaka wa Somalia. Kwa hiyo mkataba wa kumpeleka mtumishi hauna budi kutaja mahali atakapofanya kazi na nani anayebeba dhamana ya usalama wake, mbali ya kutaja mshahara.

Leo wengi hawaondoki kwa makubaliano ya serikali. Huondoka mmoja mmoja, kwa mwaliko wa mwajiri binafsi au kwa mkono wa wakala. Hapo ndipo mzigo wa vibali humwelemea mdogo. Katika nchi za Ghuba, mfumo wa udhamini unaojulikana kwa jina la kafala ulikuwa umemfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja kiasi kwamba kuacha kazi kulikuwa sawa na kupoteza haki ya kuwepo nchini. Baadhi ya nchi zimelegeza kamba hiyo: Oman, kwa mfano, tangu Januari 2021 imeondoa sharti la mfanyakazi aliyemaliza mkataba kuomba ridhaa ya mwajiri wa zamani ili ahamie kwa mwingine. Lakini wafanyakazi wa nyumbani wameendelea kuwa wanyonge zaidi ya wengine. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 kuhusu wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu ilieleza habari za pasipoti kushikiliwa na waajiri, saa za kazi zisizo na kikomo na mishahara isiyolipwa. Muuguzi anayekubali kuondoka kwa viza ya kazi za nyumbani, kwa ahadi kwamba "atabadilishiwa akifika", ajue kwamba anaingia katika kundi hilo, na kwamba cheti chake cha uuguzi hakitamlinda.

Uingereza nayo ina kafala yake, ingawa haiitwi hivyo. Viza ya watumishi wa afya na matunzo iliyoanzishwa Agosti 2020 humtaka mwombaji awe na mdhamini, yaani mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni. Walezi wa wazee na wagonjwa majumbani waliongezwa katika mpango huo Februari 2022, na maelfu ya watu kutoka Afrika na Asia wakaitikia. Kisha upepo ukageuka. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024 walezi wapya hawakuruhusiwa tena kuandamana na wenzi na watoto. Na tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje ulifungwa. Katikati ya mabadiliko hayo, mamia ya waajiri walinyang'anywa leseni za udhamini kwa kukiuka masharti, na waliowaamini wakajikuta ughaibuni bila mdhamini. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo hupewa siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine, kubadili aina ya viza au kuondoka. Siku 60 ni chache kwa mgeni aliyefika na deni.

Deni ndilo kiini cha jambo. Ng'ombe aliyeuzwa mnadani, kiwanja kilichouzwa kwa bei ya kutupa, mkopo wa kikundi uliodhaminiwa na mama na shangazi: hayo ndiyo yanayomfanya mtumishi avumilie dhuluma ambayo katika nchi yake asingeivumilia hata siku moja. Mwenye deni hathubutu kulalamika. Mwenye deni hukubali pasipoti yake ifungiwe kabatini. Kumtoza mfanyakazi gharama za kumpatia kazi ni kumfunga kabla hajaondoka.

Wala wakala asiseme kwamba hiyo ndiyo desturi ya dunia. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu mawakala binafsi wa ajira, Namba 181 wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada, kwa njia ya moja kwa moja au ya kuzunguka. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inakataza mawakala wa kawaida kumtoza mtu kwa kumtafutia kazi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi gharama za kuajiriwa kwake. Maana yake ni kwamba, mara nyingi, fedha zinazokusanywa Dodoma kwa jina la "gharama za kibali" zinahusu kitu ambacho sheria ya huko kinakokwenda kijana imesema kilipwe na mwajiri. Anayelipishwa hapa analipishwa haki yake mwenyewe.

Hapa huzuka pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza husema: mwajiri akilazimishwa kulipa kila kitu, atamkimbia Mtanzania na kumchukua wa nchi nyingine isiyo na masharti. Pingamizi hii ina chembe ya ukweli, lakini inasahau kwamba mwajiri anayejali wagonjwa wake hutafuta muuguzi aliyethibitishwa, si muuguzi wa bei rahisi. Mwajiri anayeshindwa kulipia kibali cha mtu anayemhitaji ni nadra awe mwajiri atakayelipa mshahara mwisho wa mwezi. Kumpoteza mwajiri wa namna hiyo si hasara.

Pingamizi ya pili husema: serikali ikiingilia, safari zitakwama mezani, na vijana watapoteza nafasi. Urasimu ni kero halisi, na ofisi zinazohusika hazina budi kuipunguza. Lakini dawa ya foleni si kupita dirishani. Dodoma ndiko waliko wakuu wa shughuli hizi: wizara yenye dhamana ya kazi, wizara ya mambo ya nje na makao makuu ya Uhamiaji vimo katika jiji hili hili ambalo Nkuhungu ni kata yake. Inasikitisha kwamba kijana anayeishi safari ya daladala kutoka ofisi hizo humtumia fedha kwa simu mtu asiyemjua, badala ya kwenda kuuliza kama wakala huyo amesajiliwa. Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 inamtaka wakala binafsi wa ajira asajiliwe. Na swali la usajili halina malipo.

Watumishi wa afya wana sehemu yao mahususi katika jambo hili, hata wale wasio na nia ya kuondoka, kwa kuwa safari nyingi hupitia katika vyumba vyao vya uchunguzi. Uingereza humtaka mwombaji anayeishi Tanzania, akitaka kukaa huko zaidi ya miezi sita, apimwe kifua kikuu katika kituo kilichoidhinishwa. Nchi za Ghuba hudai vipimo kadhaa, na baadhi yake humnyima ukaazi anayekutwa na VVU. Marekani ilikuwa na katazo la aina hiyo hadi Januari 2010 ilipoliondoa. Katika hali hiyo, mtaalamu wa maabara au daktari anaweza kushawishiwa kubadili majibu ili "kumsaidia kijana". Huo si msaada. Majibu ya uongo hugunduliwa kipimo kinaporudiwa ng'ambo, na hapo kijana hurejeshwa akiwa na deni lote. Aliyekutwa na kifua kikuu ana njia iliyo wazi: matibabu yake hutolewa bure nchini, kwa kawaida huchukua miezi sita, na baada ya kupona huweza kuomba upya. Anayeishi na VVU anastahili kuelezwa mapema, kwa faragha na kwa staha, nchi zipi zina vikwazo na zipi hazina, kabla hajatoa hata shilingi moja. Na anayekubaliwa kusafiri anastahili kupangiwa namna ya kuendelea na dawa zake. Majibu yake ni siri yake. Wakala hana haki ya kuyasoma kabla yake.

Hata jambo dogo kama kadi ya homa ya manjano lina ujanja wake. Tangu Julai 2016 cheti cha chanjo hiyo hudumu maisha yote ya aliyechanjwa. Hakuna sababu ya kumlipisha mtu achanjwe tena kwa kuwa tu miaka kumi imepita.

Yupo pia mtu ambaye hatajwi katika mkataba wowote: mgonjwa anayebaki. Mama mjamzito wa Nkuhungu anayefika kliniki na kukuta muuguzi mmoja mahali palipopaswa kuwa na watatu ana haki ya kuuliza nani aliyeruhusu pengo hilo. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwezi Mei 2010 kanuni za kimataifa za uajiri wa watumishi wa afya, na katika orodha yake ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi, Tanzania imo. Nchi tajiri zinaombwa zisiendeshe kampeni za kuwavuta watumishi kutoka nchi hizo, isipokuwa kwa makubaliano ya serikali yanayozingatia maslahi ya pande zote. Orodha hiyo haimkatazi mtu binafsi kuomba kazi kwa hiari yake. Haki ya kutembea ni yake. Inamdhibiti mwenye nguvu, haimfungi mnyonge.

Hapo ndipo maslahi ya mgonjwa na ya mtumishi hukutana. Mtumishi wa umma anayeondoka kimya kimya, kwa viza ya matembezi na simu iliyozimwa, huhesabiwa mtoro. Akizidisha siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi, ajira yake imo hatarini. Wakati huo huo nafasi yake hubaki ikionekana kujazwa katika vitabu, na mgonjwa hukosa mbadala. Lakini anayeondoka kwa utaratibu, kwa kuazimwa au kwa likizo isiyo na malipo, huacha pengo linaloonekana na linaloweza kuzibwa. Huacha michango yake ya pensheni ikiwa na maelezo. Na huwa na mahali pa kurudi akiwa na ujuzi mpya. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Taifa linalowasindikiza watumishi wake kwa nyaraka hujitengenezea marejeo. Linalowaacha watoroke hulipa mara mbili, kuwasomesha na kuwapoteza.

Hatua za kuchukua si nyingi wala si za gharama. Vyuo vya afya viingize somo fupi la ajira za nje katika mwaka wa mwisho, lifundishwe na ofisa wa Uhamiaji, ofisa wa kazi na mwakilishi wa baraza la taaluma, ili mhitimu ajue tofauti ya nyaraka tatu kabla hajakutana na wakala. Hospitali ziwe na utaratibu ulioandikwa wa kumshughulikia mtumishi anayeomba kwenda nje, badala ya kumfanya aogope hata kuuliza. Makubaliano ya Tanzania na nchi zinazopokea watumishi yaseme bayana kwamba viza, kibali, nauli na ada za leseni hulipwa na mwajiri, na kwamba anayepokea achangie mafunzo ya watakaoziba pengo. Tanzania inadai mpango wa kurithisha ujuzi kwa wageni wanaokuja, na haina sababu ya kuona haya kudai mfano wake kwa wanaoondoka. Balozi za Tanzania za London, Muscat, Abu Dhabi, Riyadh na Doha zipate orodha ya watumishi wa afya waliopo katika nchi hizo, kwani mtu asiyejulikana yupo ni vigumu kuokolewa.

Familia nazo zina la kufanya. Kabla ya kuuza chochote, ziulize maswali matano. Viza hii ni ya kusudi gani, na je, neno "kazi" limo ndani yake? Kibali kimetajwa kwa jina la mwajiri yupi, na kwa kazi ipi? Baraza la taaluma la nchi hiyo limekwisha kukubali vyeti, au bado kuna mtihani? Nani amelipa, na iko wapi stakabadhi? Mkataba umeandikwa kwa lugha ambayo kijana anaielewa, na nakala yake imebaki nyumbani? Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtu pia. Pasipoti ibaki mikononi mwa mwenyewe; nakala zake ziwe kwa mzazi, kwa ndugu na katika barua pepe.

Hakuna katika maneno haya kinachomzuia kijana kuondoka. Muuguzi wa Dodoma ana haki ya kufanya kazi Muscat au Manchester, kama daktari wa China alivyo na haki ya kufanya kazi hapa. Kinachodaiwa ni usawa. Mgeni anapokuja kuhudumia wagonjwa wa Tanzania, sheria humwuliza mwajiri wake: umemwandalia vibali? Mtanzania anapokwenda kuhudumia wagonjwa wa wengine, swali hilo hilo na aulizwe mwajiri wake, kabla ndege haijaruka, wala jibu lake lisitafutwe mfukoni mwa mama yake.